Donati za kizamani: namna ya kuzipika nyumbani mpaka zipasuke

Siku ya kwanza nilipompelekea bibi yangu donati hizi kule Ujiji, aliishika moja, akaigeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye mipasuko yake, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii si hafkeki iliyotobolewa?" Nilijitetea sana siku ile. Leo, baada ya miaka ya kuzikaanga karibu kila wiki hapa Mwanga, Kigoma mjini, nakiri kwamba bibi hakukosea. Donati ya kizamani na hafkeki ni ndugu wa tumbo moja. Zote hazina hamira, zote hukaangwa kwa moto wa pole, na zote hupasuka zikiwa ndani ya mafuta. Kama umewahi kukaanga hafkeki zikatoka vizuri, nusu ya kazi unaijua tayari.

Tuzitofautishe kwanza, maana watu wanachanganya. Kuna donati za hamira, zile nyepesi zinazobonyea ukizishika, zenye mstari mweupe kiunoni. Hizo ni binamu wa maandazi. Za kizamani, na Wamarekani wenyewe huziita hivyo hivyo, huumuliwa na bekingi pauda. Ndani ni kama keki, nje zina ukoko mkavu unaolia ukiung'ata, na mgongo umepasuka kama udongo wa jaruba wakati wa kiangazi. Chimbuko lake ni keki za mafuta walizohamia nazo Waholanzi kule ambako leo ni New York. Bekingi pauda ilipoingia madukani karne ya 19, ndipo watu wakaweza kuzipika bila kungoja unga uumuke. Hata lile tundu la katikati lina mdai wake, nahodha mmoja wa Maine aitwaye Hanson Gregory, ambaye uzeeni alisimulia kwamba alilitoboa yeye mwaka 1847 akiwa kijana wa miaka 16 melini, kwa kuwa donati zilikuwa zinaiva pembeni na kubaki mbichi katikati. Kama kweli alikuwa wa kwanza, mimi na wewe hatukuwepo. Lakini sababu yake ni sahihi, na utaiona mwenyewe siku utakapokaanga bila kutoboa.

Kabla hujashika unga, jua tunachokitafuta: ufa. Ule mpasuko ndio unaotoa kingo nyembamba zinazokauka na kuwa kama biskuti, na ndimo sukari inamoingia na kutulia. Donati ya kizamani isiyopasuka ni andazi gumu. Ukiona mahali nasisitiza jambo mpaka unakereka, jua nautafuta ufa.

Mahitaji

Kipimo hiki hutoa donati 10 hadi 12, pamoja na vile vipande vya katikati ambavyo mimi naviita vitovu.

- Unga wa ngano gramu 260 (vikombe 2 vya kupimia)
- Konifulawa gramu 40 (vijiko vikubwa 5)
- Bekingi pauda vijiko 2 vya chai, vilivyosawazishwa kwa kisu
- Chumvi kijiko 1 cha chai kisichojaa
- Kungumanga iliyokunwa, nusu kijiko cha chai
- Sukari gramu 110 (nusu kikombe, na chembe kidogo juu yake)
- Siagi gramu 35 (vijiko vikubwa viwili na nusu)
- Viini vya mayai 2 ya kisasa, au 3 ya kienyeji kwa sababu ni madogo
- Mtindi mzito uliochujwa gramu 190
- Mafuta ya kukaangia, lita 1 na nusu

Ya juu: sukari ya unga gramu 250, asali kijiko kikubwa 1, maji ya moto vijiko vikubwa 3 hadi 4, na chumvi ya kudonoa kwa vidole viwili.

Konifulawa haijaja hapa kwa urembo. Unga wetu wa kawaida wa dukani ni wa chapati na maandazi, una nguvu, unavutika. Donati hii haitaki unga unaovutika. Ukichanganya na konifulawa unaulegeza, unakaribia ule unga laini wa keki ambao huku kwetu huupati kila siku.

Kungumanga usiiache. Najua wengi mkononi mna iliki, nami iliki naipenda, ila ukiiweka utakuwa umepika kitu kizuri chenye harufu ya maandazi. Harufu ya donati ya kizamani ni kungumanga. Nunua nzima, ile kokwa ngumu, uikune mwenyewe. Ya unga iliyokaa dukani muda mrefu imebaki rangi tu.

Hatua ya 1: Chuja mtindi

Kule Marekani hutumia malai yaliyochachushwa, mazito yasiyomwagika. Sisi tuna mtindi, na mtindi wa maziwa halisi ukichujwa unafanya kazi hiyo vizuri. Chukua nusu lita, mimina kwenye kitambaa cheupe kisafi, funga kama kifurushi, kining'inize juu ya bakuli kwa saa 3 au 4. Maji ya njano yatadondoka na utabaki na kitu kizito kinachosimama kwenye kijiko. Ukiruka hatua hii na kumimina mtindi kama ulivyo, unga utakuwa uji, utaongeza ngano mpaka kipimo chote kiharibike, halafu utasema mapishi yangu ni ya uongo.

Mtindi wenye sukari na ladha za matunda hapana. Na kama mtindi wako umechacha mpaka unakunja uso, tia robo kijiko cha chai cha magadi soda kwenye unga. Usizidishe, yakizidi donati inageuka kahawia upesi na inabaki na ladha ya sabuni. Magadi ya kulainishia maharage ni kitu kingine. Yaache huko huko kwenye maharage.

Hatua ya 2: Changanya, usikande

Chekecha pamoja unga, konifulawa, bekingi pauda, chumvi na kungumanga. Mara mbili, ili bekingi pauda isijikusanye sehemu moja.

Kwenye bakuli jingine ponda sukari na siagi kwa mwiko mpaka zifanane na mchanga uliolowa. Siagi ni kidogo kuliko sukari, kwa hiyo usingoje iwe povu jeupe kama ya keki ya harusi. Tia viini, piga dakika moja mpaka rangi ipauke. Tia mtindi, koroga. Kisha ingiza unga kwa mafungu matatu, ukikoroga kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane tena. Basi. Hapo hapo acha.

Mkono wa Mswahili ukiona unga unataka kukanda, najua. Tumefundishwa tangu utoto kwamba unga usiokandwa ni uvivu. Kwenye chapati ni kweli. Hapa kila unapokanda unaamsha gluteni, yale mavutano yanayofanya unga unyumbuke, na unga unaonyumbuka haupasuki. Unatanuka kama mpira, unafunga ngozi yake, ufa unapotea. Unga wako kwa sasa utakuwa unanata kiasi cha kukutia hofu. Usiongeze ngano, baridi itautuliza.

Hatua ya 3: Upumzishe kwenye baridi

Funika bakuli, weka kwenye friji saa 1 kwa uchache. Ukiulaza hadi kesho yake ni vizuri zaidi, ladha inakolea na unga unashikika kirahisi. Baridi inagandisha siagi, unga wa ngano unakunywa unyevu polepole, na kile kilichovutika wakati wa kukoroga kinalegea.

Huna friji, au umeme umekatika? Mimi nilianza bila friji. Weka unga kwenye sufuria ndogo ya bati yenye kifuniko, itumbukize kwenye beseni lenye barafu na maji kidogo, funika na taulo. Barafu za mifuko zinauzwa kwa jirani yeyote mwenye friza anayeuza juisi na maji baridi. Mifuko mitatu inatosha saa nzima hata jua la Kigoma likiwa kali. Angalia tu maji yasipande kufikia mdomo wa sufuria.

Hatua ya 4: Sukuma na ukate

Nyunyiza unga kwenye meza, toa unga wako, nyunyiza na juu kidogo. Sukuma kwa mkono mwepesi mpaka unene uwe sentimita 1 na robo. Usikadirie kwa macho siku za mwanzo, chukua rula ya mtoto wa shule usimamishe pembeni. Nyembamba zaidi inakauka kama kashata, nene zaidi inabaki na ubichi.

Kukata, glasi yenye mdomo wa sentimita 7 inafaa, na kwa tundu tumia kifuniko cha chupa ya maji ya kunywa. Chovya mdomo wa glasi kwenye unga mkavu kabla ya kila mkato. Kandamiza moja kwa moja chini na uinue moja kwa moja juu. Ukizungusha glasi unaziba kingo, na donati itainuka upande mmoja kama kofia iliyokaliwa.

Mabaki yakusanye kwa kuyasogeza pamoja, usiyafinyange, sukuma mara moja tu. Yanayobaki baada ya hapo kata vipande ovyo uvikaange hivyo hivyo. Hivyo ndivyo wanavyogombania watoto kwangu kuliko donati zenyewe.

Pangusa unga wa juu kwa brashi au kitambaa kikavu. Unga mkavu ukiingia kwenye mafuta unaungua, unashuka chini, unayachafua na kuyatia uchungu kabla hujafika donati ya sita. Zipange kwenye sinia, zirudishe kwenye baridi wakati unaandaa mafuta.

Hatua ya 5: Mafuta

Hapa nikae kidogo, maana ninaishi kwenye mji wa mawese.

Swali la kwanza ninaloulizwa na mgeni yeyote ni kama nakaangia mawese. Nilijaribu. Mawese mekundu mabichi, yaliyotoka kukamuliwa, yana harufu na ladha yake nzito ambayo kwenye maharage au mgebuka, samaki wa ziwa letu, huwezi kuibadilisha na kitu. Kwenye donati ilikuwa balaa. Zilitoka za rangi ya machungwa, na ukiuma unangoja samaki. Rangi ile ni karotini, jamaa ya iliyomo kwenye karoti, na wapo wanaoyachoma mawese kwenye sufuria mpaka yafuke moshi ili rangi ikatike. Nyumbani usifanye hivyo. Moshi wake unakaba, mafuta yaliyofika hapo yako hatua moja kutoka kushika moto, na ladha ya kuungua haitoki. Mafuta ya mise, yale ya kokwa, tuwaachie wanaotengeneza sabuni.

Ninachotumia ni mafuta ya mawese yaliyosafishwa, yale ya njano hafifu yasiyo na harufu. Alizeti nayo inakaanga vizuri, ukiwa nayo usiende kununua mengine. Ila nimeona tofauti moja. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, na ndiyo maana asubuhi za baridi ya Juni na Julai unakuta dumu limepata ukungu mweupe. Donati iliyokaangwa humo ikipoa, mafuta kidogo yaliyobaki kwenye ukoko yanatulia, hayachuruziki kwenye karatasi wala vidoleni. Ya alizeti inabaki na unyevunyevu.

Na karai. Hapa kwetu hakuna karai ambalo halijakaanga dagaa. Usilidanganye kwa sabuni na limao, karai la dagaa linakumbuka. Tafuta sufuria nzito yenye kina, au nunua karai la donati peke yake. Mafuta yafike kina cha sentimita 5, na juu yabaki nafasi zaidi ya nusu ya chombo, kwa sababu unga ukiingia mafuta huinuka na kutoa povu.

Joto tunalolitaka ni nyuzi 160 hadi 165. Maandazi hukaangwa kwa moto mkali zaidi ya huo, kwa hiyo mazoea yako ya maandazi yatakupeleka pabaya. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni kazi ni rahisi, lakini kijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka. Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa mjini maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, hayafiki 100. Aliyeko Tabora, ambako ni juu zaidi, ataona 96. Kikisoma hivyo kiko sawa. Nilitaka kukitupa changu nikidhani kimekufa, mpaka mwalimu mmoja wa sayansi, mteja wangu, akanieleza.

Huna kipimajoto, kata kipande cha unga kama punje ya karanga, kidondoshe. Kikizama, kikakaa chini, ukahesabu taratibu moja mpaka tano au sita ndipo kikaibuka kikitoa viputo vidogo vya utulivu, ingiza donati. Kikielea papo hapo kwa kelele, mafuta ni ya moto mno. Kikilala chini kama jiwe mpaka umalize kumi, bado.

Kwenye gesi unapunguza kitufe. Kwenye jiko la mkaa ndiko kwenye ufundi. Washa mkaa uive wote, usiwe na weusi. Ondoa robo ya makaa uyaweke pembeni kwenye bati, yaliyobaki yatandaze, nyunyizia majivu juu yake mpaka wekundu uonekane kwa mbali kama jicho la mtu mwenye usingizi, kisha funga kidirisha cha chini. Joto likishuka fungua kidirisha, likipanda ongeza majivu. Usiongeze makaa mapya mabichi katikati ya kazi, yatapoza kisha yataruka juu ghafla.

Hatua ya 6: Kaanga

Tatu kwa wakati mmoja, nne kama karai ni kubwa. Unga wako ni wa baridi, ukijaza karai joto linaporomoka na donati zinaanza kunywa mafuta.

Inua moja kwa mwiko bapa, iteleze taratibu. Itazama. Subiri. Ikielea, hesabu sekunde 15 tu kisha igeuze kwa kijiti cha mishikaki, upande uliokuwa chini uje juu ungali mweupe. Hapa wengi huniuliza mbona mapema hivyo. Angalia kinachotokea. Upande ulio juu sasa umepata ngozi laini tu, haujakauka. Ndani, bekingi pauda na mvuke vinasukuma kutafuta njia. Ngozi inavimba, inakuwa na mng'ao wa unyevu, halafu unauona mstari mwembamba kuzunguka tundu, kama nywele. Mstari unafunguka, unaonyesha unga mweupe ndani, na kingo zake zinakunjuka kwenda nje. Inachukua chini ya dakika. Mimi hadi leo nikiona hivyo nasimama nitazame.

Acha dakika 1 na nusu upande wa chini upate rangi ya asali. Geuza tena, sasa mipasuko iingie kwenye mafuta, ikaangike na kukauka kwa dakika 1 na robo. Toa kwa kijiko cha matundu, kung'uta, weka kwenye wavu. Wavu wa kuchomea nyama uliosuguliwa vizuri unafaa. Ukizirundika kwenye sahani, mvuke unazilainisha kwa chini na ukoko wote uliohangaikia unakwenda.

Kwa nini moto wa pole? Mafuta yakiwa kwenye nyuzi 185, ngozi inakauka na kufunga kabla ndani hakujaanza kusukuma. Nje kahawia, hakuna ufa, ndani uji. Nilijifunza hili kwa aibu. Mteja aliniagiza donati 60 za kicheni pati, mkaa siku hiyo ulikuwa wa mti mgumu unaowaka kama wa mhunzi, muda umenibana, nikasema zitaiva tu. Kwa macho zilipendeza. Nilipozifikisha, mama mwenye shughuli aliipasua moja mbele yangu, unga mbichi ukamganda kwenye dole gumba. Hakusema neno. Alinionyesha dole gumba tu. Nilirudi nyumbani na sinia mbili, nikarudisha na pesa ya watu.

Tangu siku hiyo, ya kwanza kila ninapokaanga naikaanga peke yake na kuipasua. Ikiwa sawa, naendelea na zilizobaki. Isipokuwa sawa, narekebisha moto kwanza. Hasara ni donati moja, tena inaliwa.

Vitovu vikaange mwisho, vyote pamoja, ukivizungusha kwa kijiko, dakika 2 vimekwisha.

Hatua ya 7: Sukari na asali

Sukari ya unga kama huipati, saga sukari ya kawaida kwenye blenda kavu pamoja na kijiko kikubwa cha konifulawa mpaka iwe vumbi. Funika na kitambaa kabla hujafungua, la sivyo utapaka nyusi zako.

Asali ninayotumia ni ya Tabora. Hufika hapa kwa treni, reli hii hii inayopita Tabora hadi kituo chetu karibu na bandari tangu 1914. Ni asali ya misitu ya miombo, nyeusi, na ina uchungu kidogo mwishoni. Kwenye sukari tupu uchungu ule ndio unaofanya donati isichoshe baada ya moja. Halafu ina kazi nyingine. Inazuia sukari isigeuke punje punje na kubanduka kama rangi ya ukuta. Kijiko kimoja kinatosha, ikizidi haikauki, itabaki inanata mpaka usiku.

Changanya sukari ya unga, asali na chumvi, ongeza maji ya moto vijiko 3, koroga, kisha cha nne kidogo kidogo mpaka itiririke kwenye kijiko kama uji mwepesi wa mtoto. Iweke bakuli lake juu ya maji ya moto isigande wakati unafanya kazi.

Chovya donati ikiwa bado na joto, dakika mbili tangu itoke kwenye mafuta. Ya moto sana inaiyeyusha sukari yote ikachuruzika, iliyopoa kabisa inabeba tabaka nene jeupe kama plasta. Laza upande wenye mipasuko chini, hesabu tano, inua, acha idondoke, geuza, rudisha kwenye wavu. Baada ya dakika 20 sukari itakuwa imekauka na kuwa kama kioo chembamba, na ukiigusa inalia. Miezi ya mvua inachelewa, wakati mwingine saa nzima. Usiifunike kwa kukosa subira, itatoka jasho.

Zikikukatalia

Zikinyonya mafuta: joto lilikuwa chini, au ulijaza karai, au unga ulikuwa na maji mengi. Tatizo linaloletwa kwangu mara nyingi kuliko mengine ni hili la kwanza.

Zikikataa kupasuka lakini rangi ni nzuri: ama ulikanda, ama moto mkali, ama ulichelewa kugeuza. Ipo pia sababu ya nne, bekingi pauda iliyokufa. Tia kijiko kwenye maji ya moto, isipofurika povu itupe.

Zikivunjika ukizinyanyua: unga haukupoa vya kutosha, rudisha kwenye baridi nusu saa.

Kuhifadhi

Zinanoga ndani ya saa 4 za kwanza. Siku ya pili bado ni nzuri, ila ukoko unalegea. Zisizo na sukari zipashe kwenye kikaango kikavu chenye kifuniko, moto mdogo, dakika 3 kila upande. Za sukari ziache zilivyo, zile na chai ya rangi. Kwenye friji usiziweke, zinachakaa upesi kuliko zikiwa nje kwenye kopo lenye kifuniko kisichokaza sana.

Mafuta yakipoa kabisa, yachuje kwa kitambaa, yarudishe kwenye dumu, yahifadhi gizani. Mimi nayatumia mara tatu hadi nne. Yakianza kuwa meusi, kutoa povu linalokaa, au kufuka moshi mapema, kazi yake imekwisha. Na liandike dumu lenyewe. Langu nimeliandika kwa maki peni, herufi kubwa, pande zote mbili: DONATI TU. Upande mmoja haukutosha. Mume wangu alirudi na migebuka mitatu kutoka Kibirizi, dumu lilikuwa limegeukia ukutani.